Gambiti ya Malkia: Kitunda Kinachotolewa kwa Hesabu

Miongoni mwa njia zote za kuanza mchezo wa sataranji, nazo ni nyingi kiasi cha kujaza maktaba, iko moja ambayo kwa zaidi ya miaka mia tano imepita mikononi mwa mabingwa wa Hispania, Italia, Shamu, Ufaransa, Urusi na Marekani, ikasifiwa, ikasahauliwa, ikafufuliwa, ikachunguzwa kwa akili za watu na hatimaye kwa mashine za kompyuta, na mpaka leo haijapatikana hoja ya kuivunja. Nayo ni hiyo iitwayo gambiti ya malkia. Watu wengi walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza mwaka 2020, ulipotoka mfululizo wa filamu uliotokana na riwaya ya Mmarekani Walter Tevis iliyochapishwa mwaka 1983 kwa jina hilohilo. Walakini waliolisikia jina ni wengi kuliko waliopata kuelezwa kitu chenyewe ni nini, na kwa sababu gani watu wenye akili timamu na mioyo iliyojaa shauku ya kushinda hukubali kuanza vita kwa kumnyoshea adui kitunda chao, kana kwamba wanamkaribisha ale. Makala haya yamekusudiwa msomaji ambaye huenda hajui zaidi ya namna kete zinavyokwenda, nayo yanataka kumwonyesha uzuri uliomo ndani ya hatua hizo mbili za mwanzo, uzuri ambao kwa maoni yangu haupatikani katika ufunguzi mwingine wowote.

Uwanja wa sataranji una nyumba 64, nane kwa nane. Safu zinazotoka kwa mchezaji mmoja kwenda kwa mwenzake huitwa kwa herufi, kuanzia a hadi h, na mistari inayozikata safu hizo huitwa kwa nambari, kuanzia 1 hadi 8, ikihesabiwa kutoka upande wa Weupe. Basi kila nyumba ina jina lake, kama vile d4 au c6, na msomaji aliye na ubao karibu atafanya vyema kuuweka mbele yake, asome huku akisogeza kete. Nyumba nne zilizo katikati hasa, d4, e4, d5 na e5, ndizo kitovu cha milki yote. Farasi aliyesimama hapo hutawala nyumba nane, ilhali farasi aliyetupwa katika kona hutawala mbili tu. Na kete nyingine pia, isipokuwa ngome ambayo huona mbali popote iwapo njia zake ziko wazi, hupata nguvu kwa kadiri zinavyokaribia kitovu hicho. Kwa hiyo ugomvi wote wa mwanzo wa mchezo, ukiuvua mapambo yake, ni ugomvi wa nyumba nne: nani atazikalia, nani atazizingira, na nani atalazimika kulipitisha jeshi lake kandokando.

Weupe ndio wanaotangulia siku zote, na katika hatua zao za kwanza mbili ndizo zenye hadhi kubwa kuliko nyingine: ama kukisogeza mbele nyumba mbili kitunda kilicho mbele ya mfalme, kikasimama e4, ama kile kilicho mbele ya malkia, kikasimama d4. Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza hataona tofauti kubwa, maana vyote viwili vimeshika kitovu na vyote viwili vimefungua mlango wa askofu. Tofauti iko katika ulinzi. Kitunda cha mfalme kikifika e4 hakina mlinzi hata mmoja, na adui aghalabu hukivamia papo hapo, na kutokana na uvamizi huo huzaliwa ile michezo ya haraka, ya milango iliyofunguka na wafalme wanaokimbizwa kabla hawajapata pa kujisitiri. Kitunda cha malkia kikifika d4 kinalindwa tangu dakika ileile na malkia mwenyewe, aliyesimama nyuma yake katika safu hiyohiyo. Kimekaa mahali pake kwa amani. Na tabia yote ya ufunguzi huu, utulivu wake, subira yake, na lile shinikizo lake linalobana polepole, chanzo chake ni jambo hili moja dogo.

Weusi wakijibu kwa kukisogeza kitunda chao cha malkia nyumba mbili, kikasimama d5, vitunda viwili vinakuwa vimekabiliana kifua kwa kifua na hakuna kinachoweza kumla mwenzake, kwa kuwa kitunda hutembea kwa kunyoka lakini hula kwa mshazari. Hapo ndipo Weupe wanapoicheza hatua yao ya pili, nayo ndiyo gambiti yenyewe: wanakisogeza kitunda cha safu ya c nyumba mbili, kinasimama c4, ubavuni mwa kile cha d4, na kinawekwa wazi mbele ya kitunda cha Weusi. Hakuna kete inayokilinda kwa wakati huo isipokuwa askofu wa f1, naye njia yake imezibwa na kitunda cha e2. Weusi wakitaka watakila.

Sasa msomaji aitazame hatua hii kwa makini. Kitunda cha d5 ndicho mkono wa Weusi juu ya kitovu. Maadamu kipo hapo, Weupe hawawezi kusogeza kitunda cha mfalme mpaka e4 na kukimiliki kitovu chote. Kitunda cha c4 kinamwambia adui achague: ama aache kitunda chake cha d5 kiendelee kubanwa, ama akile kilichotolewa, na kwa kula akiondoe kitunda chake katikati na kukipeleka pembeni, mahali ambapo hakina kazi kubwa. Tena kuna fadhila ya pili ambayo wanaoanza kujifunza huikosa mara kwa mara, nayo ni kwamba farasi wa upande wa malkia atatoka kwenda c3, na akitoka kabla kitunda cha c hakijasogea hukizibia njia kitunda hicho, na safu ya c hubaki imefungwa kwa muda mrefu. Lakini kitunda kikitangulia na farasi akafuata nyuma, safu hiyo huja kufunguka na ngome ikapata barabara ya kupenya hadi kambini kwa adui.

Na kile kitunda kilichotolewa, je, kimepotea? La, hakikupotea, na hapa ndipo ilipo siri inayoipambanua gambiti hii na gambiti nyingine zote. Katika gambiti ya mfalme, kwa mfano, Weupe hutoa kitunda kweli na kuhatarisha usalama wa mfalme wao kwa matumaini ya shambulio. Shambulio lisipofaulu, mali imekwenda. Mwenye kucheza gambiti ya malkia ni kama mkopeshaji ambaye rehani iko mkononi mwake. Akitaka haki yake siku ileile, humtoa malkia hadi a4, akamtisha mfalme wa Weusi, na katika hatua inayofuata malkia huyohuyo hukila kitunda kilichokopwa, hesabu ikawa sawa. Akitaka kungoja, hungoja, kwa sababu anayekidai kitunda hicho kuwa mali yake ya daima hupata adhabu kali.

Adhabu hiyo ni fupi na inafaa kuonwa yote. Weusi wamekila kitunda, cha kwao sasa kimesimama c4. Weupe wanasogeza kitunda cha mfalme nyumba moja tu, e3, na askofu wa f1 ameanza kukitazama c4. Weusi, kwa tamaa ya kukihifadhi walichopata, wanakilinda kwa kitunda cha b5. Weupe wanakigonga kitunda hicho cha b5 kwa kitunda cha a4. Weusi wanakiimarisha kwa c6. Weupe wanakula b5, Weusi wanakula kwa kitunda cha c6, na kwa jicho la haraka kila kitu bado kimekaa sawasawa. Ndipo malkia wa Weupe anapotoka d1 na kusimama f3. Msomaji atazame njia ya mshazari inayotoka f3: e4 ni tupu, d5 ni tupu, c6 ni tupu, b7 ni tupu, na mwisho wake, a8, imekaa ngome ya Weusi isiyo na mlinzi wala pa kukimbilia. Weusi wanaweza kuweka kete katikati ya njia, nayo italiwa. Wanaweza kuiacha ngome, nayo italiwa. Ni hatua sita tu za Weupe, na mchezo kwa kweli umekwisha, kwa sababu ya kung'ang'ania kitunda kimoja. Waliobobea katika upande wa Weusi wanajua hivyo, kwa hiyo wanapokubali kula hawali ili wabaki nacho. Hula ili Weupe watumie muda kukirudisha, na muda huo wao wautumie kutoa kete zao. Kukubali kwa namna hiyo ni njia halali na ya heshima, na mabingwa wa dunia wameitumia.

Hatua hizi hazikuwezekana katika sataranji ya kale, ile iliyotoka Bara Hindi ikapita Uajemi na kulelewa na Waarabu, ambayo mabingwa wa Baghdad, akiwamo as-Suli wa karne ya 10, waliitungia vitabu. Kitunda cha zama zile kilikwenda nyumba moja tu, na kando ya mfalme alikaa waziri, aliyetembea nyumba moja kwa mshazari, mzito na mwenye uwezo mdogo. Wachezaji walipanga majeshi yao kwa hatua nyingi kabla hayajagusana. Mchezo ulipofika Ulaya kitunda kiliruhusiwa kuruka nyumba mbili mara ya kwanza, na waziri akabadilishwa jina akaitwa malkia. Kisha, mwishoni mwa karne ya 15, malkia huyo alipewa nguvu ya kwenda pande zote na mwendo wowote, na mchezo mzima ukageuka. Gambiti ya malkia ilizaliwa karibu pamoja na mageuzi hayo. Imo katika hati ya kale iliyohifadhiwa Göttingen, Ujerumani, inayokadiriwa kuwa ya miaka hiyo ya mwisho wa karne ya 15, na imo katika kitabu cha Mreno Pedro Damiano kilichochapishwa Roma mwaka 1512.

Mtu ninayependa zaidi kumtaja katika historia hii ni Philipp Stamma, mzaliwa wa Aleppo katika nchi ya Shamu, aliyekwenda Ulaya akachapisha Paris, mwaka 1737, kitabu cha mafumbo mia moja ya sataranji, kisha akakaa London akiwa mkalimani wa lugha za Mashariki katika serikali ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1745 alichapisha huko London kitabu kingine, na ndani yake akaipendekeza gambiti ya malkia kwa bidii kubwa, hata wakawapo walioiita gambiti ya Aleppo kwa heshima ya mji wake. Hizi herufi na nambari tunazozitumia hapa kuzitaja nyumba, Stamma alizitumia vitabuni mwake wakati ambapo wenzake wa Ulaya walikuwa wakieleza kila hatua kwa sentensi nzima. Ulimwengu ulichukua zaidi ya karne mbili kumfuata. Mwaka 1747 alishindwa vibaya na Mfaransa Philidor, kijana aliyekuwa na kipawa kikubwa kumzidi, na sifa yake ikafifia. Hata hivyo nadhani wachezaji wa leo, kila wanapoandika d4 na c4 katika karatasi zao, wana deni kwa mtu huyo wa Shamu ambalo hawalikumbuki.

Baada ya Stamma ilipita zaidi ya karne moja ambayo wengi walipendelea kitunda cha mfalme. Zilikuwa zama za hamasa, ambapo ushujaa ulipimwa kwa idadi ya kete zilizotolewa kafara, na kutetea kwa subira kulionekana kama woga. Walikuwapo wachache walioona mbali: Mfaransa La Bourdonnais, katika pambano lake mashuhuri la London na McDonnell mwaka 1834, aliitumia gambiti ya malkia mara nyingi na kwa mafanikio. Lakini ni baada ya mashindano ya Vienna ya mwaka 1873 ndipo wakuu walipoanza kuirudia kwa wingi, na lilipofanyika pambano la kwanza la ubingwa wa dunia mwaka 1886, katika miji ya New York, St. Louis na New Orleans, Zukertort aliitumia mara kwa mara dhidi ya Steinitz, ijapokuwa Steinitz ndiye aliyetoka na taji.

Sasa tuje kwa wale wanaokataa kula, ambao ndio wengi, na ambao kwao mchezo huwa na ladha nzito zaidi. Njia ya kale ya kukataa ni kukilinda kitunda cha d5 kwa kitunda cha e6. Ni ukuta imara sana, na Weusi huweza kukaa nyuma yake kwa muda mrefu. Walakini hakuna ukuta usio na gharama, na gharama ya huu ni askofu wa c8, ambaye kitunda hicho cha e6 kimemfungia mlango wake, akabaki nyumbani anatazama migongo ya watu wake. Karibu elimu yote ya Weusi katika ufunguzi huu, iliyokusanywa na vizazi vya mabingwa, imehusu namna ya kumtoa askofu mmoja kifungoni. Tartakower alisogeza kitunda cha b6 ili askofu atokee b7. Capablanca alipendelea kubadilishana kete mbilimbili, ili nafasi finyu isiwabane walio wachache, kisha akakisukuma kitunda cha e5 na mlango ukafunguka. Wengine wakaiacha e6 kabisa, wakakilinda kitunda cha d5 kwa kile cha c6, njia iitwayo ya Kislavi, ambayo humwachia askofu uhuru wake kwa gharama ya kumnyima farasi wa b8 nyumba yake bora. Kila jibu lina bei yake, na hakuna lililo bure. Anayekataa hapati aibu, anayekubali hapati utajiri, na wote wawili wanaingia vitani wakiwa na jeshi kamili. Hii ndiyo insafu ya gambiti ya malkia, na ndiyo inayonifanya niithamini kuliko mbinu zinazotegemea kosa la mwenzio.

Si kwamba hakuna mitego. Upo mmoja maarufu uitwao Mtego wa Tembo, nao humnasa mwenye Weupe, ambalo ni funzo kwake kwamba kutoa kitunda hakumpi ruhusa ya kuwa na pupa yeye. Weusi wamekataa kwa e6. Farasi wa Weupe yuko c3, wa Weusi yuko f6. Askofu wa Weupe ametoka hadi g5 akambana farasi huyo wa f6, kwa maana nyuma yake yuko malkia wa Weusi, d8. Weusi wanamtoa farasi wa pili hadi d7. Weupe wanakula d5, kitunda cha e6 kinalipa kisasi, na Weupe wanajisemea kwamba kitunda hicho cha d5 sasa ni cha bure, kwani farasi anayekilinda amebanwa hawezi kuondoka. Wanakila kwa farasi wa c3. Lakini farasi wa f6 anaondoka! Anamla mwenzake wa d5 na kumwacha malkia wake auawe, na askofu wa Weupe akishamla malkia huko d8, askofu wa Weusi anashuka hadi b4 na kumtisha mfalme. Mfalme hana pa kwenda, hana ngao ila malkia wake mwenyewe aje d2 kumkinga, na hapo analiwa. Vumbi likitulia, Weusi wana farasi mmoja wa ziada na Weupe wana kitunda kimoja. Mtego huo ulionekana Berlin mwaka 1848, Mayet alipopambana na Harrwitz, na hadi leo unanasa watu.

Wako wanaosema kwamba ufunguzi huu ni wa wazee, umejaa utulivu na suluhu, na kwamba kijana mwenye damu moto autafute mchezo kwingine. Kwa watu hao nina jibu moja, nalo ni Hastings.

Katika mji huo wa pwani ya Uingereza, mwaka 1895, walikusanyika wachezaji 22, takriban wakuu wote wa dunia: Lasker aliyekuwa bingwa wa dunia, Steinitz aliyemtangulia, Chigorin wa Urusi, na Siegbert Tarrasch, tabibu wa Ujerumani ambaye maandishi yake yalikuwa kama sheria kwa wachezaji wa bara lote. Pamoja nao alikuja Mmarekani wa miaka 22, Harry Nelson Pillsbury, ambaye Ulaya ilikuwa karibu haimjui. Silaha aliyokuja nayo ilikuwa gambiti ya malkia. Alipokutana na Tarrasch, tabibu huyo akakataa kwa e6 kama ilivyotarajiwa, akamtoa yule askofu mfungwa kupitia b7, kisha akaanza kazi ambayo vitabu vyake viliielekeza: upande wa malkia alikuwa na vitunda vitatu dhidi ya viwili, basi akavisukuma mbele, hatua baada ya hatua, ili kimoja chao kifike mwisho na kugeuka malkia mpya. Pillsbury hakuvizuia. Alimkita farasi wake e5, katikati, akamwegemeza juu ya kitunda kilekile cha d4 tulichoanza nacho, akamtegemeza pia kwa kitunda cha f4, na nyuma ya farasi huyo akaanza kulihamisha jeshi lote kumwelekea mfalme wa Weusi.

Zikawa mbio za pande mbili. Tarrasch alikuwa anakula upande wa kushoto, na kitunda chake cha c3 kilibakiwa na nyumba mbili tu kufikia utawala. Pillsbury alikuwa anaikusanya tufani upande wa kulia. Katika hatua ya 44 alimsogeza malkia hadi g3 kumtisha mfalme, akamwacha farasi wake huko h6 aliwe, na mfalme wa Tarrasch akamla. Basi Pillsbury, akiwa na upungufu wa farasi mzima, kitunda cha adui kikiwa mlangoni, alifanya nini? Alimchukua mfalme wake kutoka g1 akamweka h1. Hakula kitu, hakumtisha mtu. Aliisafisha tu nyumba moja ili ngome yake ije kusimama g1, na hatua hiyo ndogo ya pembeni ikamfungia Tarrasch kila njia. Ilimbidi amtoe malkia wake ili aishi hatua chache zaidi, na katika hatua ya 52 mfalme wake alifungwa, wakati kitunda chake kilikwisha fika c2 na kilihitaji hatua moja tu. Pillsbury alimaliza mashindano yale akiwa wa kwanza, pointi 16½ katika michezo 21, mbele ya Chigorin na Lasker. Mtu akiucheza mchezo huo ubaoni mwake, kisha akarudi kuniambia kwamba ufunguzi huu hauna moto, nitamstaajabia.

Lakini nisifiche kwamba lawama ya suluhu ina ukweli ndani yake. Katika pambano la ubingwa la Buenos Aires mwaka 1927, baina ya Capablanca wa Cuba na Alekhine mzaliwa wa Moscow, ilichezwa michezo 34 kwa muda wa zaidi ya miezi miwili, 32 kati yake ikawa gambiti ya malkia iliyokataliwa, na 25 ikaisha kwa suluhu. Kwa mtazamaji wa kawaida ilikuwa ni ukame. Kwa aliyejua kusoma ilikuwa ni mashauri marefu ya watu wawili juu ya suala moja, kila mmoja akirekebisha neno lake la jana, mpaka Alekhine, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kumshinda Capablanca hata mara moja, akatoka na ushindi wa michezo sita kwa mitatu na kulitwaa taji.

Elimu moja iliyokomazwa na mabingwa wa enzi hizo inanivutia kupita zote, kwa sababu inakwenda kinyume na fikira ya kwanza ya kila mtu. Vitunda vya c na d vikishabadilishana, Weupe hubaki na vitunda viwili upande wa malkia, vya a na b, na Weusi wakawa na vitatu, vya a, b na c. Akili ya kawaida husema wachache wajifiche. Mabingwa walifundisha kwamba wachache washambulie: kitunda cha b kiende b4, kiende b5, kikigonge kitunda cha c6. Haidhuru kikifa. Weusi wakikila au wakiacha kile cha c6 kiliwe, mwisho wake ukuta wao wa vitatu hubaki na kitunda kimoja kibovu kisichoweza kulindwa na kitunda mwenzake, katika safu ambayo ngome za Weupe zimekwisha kuimiliki. Ushindi huja hatua ishirini au thelathini baadaye, na chanzo chake ni kitunda kilichokwenda kufa kwa makusudi.

Na hata mtu aliyeukataa ufunguzi huu maisha yake yote alikuja kuutumia siku aliyouhitaji. Mmarekani Bobby Fischer alikuwa muumini mkubwa wa kitunda cha mfalme, na dunia ilimjua hivyo. Katika mchezo wa sita wa pambano lake na Boris Spassky, Reykjavik, tarehe 23 Julai 1972, wakiwa sawasawa kwa pointi, alianza na kitunda cha c4, na kwa hatua chache wakajikuta wote wawili ndani ya gambiti ya malkia iliyokataliwa kwa njia ya Tartakower, njia ambayo Spassky aliijua vizuri kabisa. Fischer aliviacha vitunda viwili vya Weusi visimame katikati bila msaada wa jirani, akavibana vikashindwa kwenda mbele kwa faida, kisha akajenga vya kwake na kumsonga mfalme hadi Spassky akasalimu amri katika hatua ya 41. Watu ukumbini walipiga makofi, na Spassky mwenyewe, aliyeshindwa, alisimama akampigia makofi mshindi. Kwa mchezo huo Fischer alitangulia kwa mara ya kwanza, naye hakurudi nyuma tena.

Anayetaka kuanza asianze kwa kukariri. Aicheze d4, kisha c4 Weusi wakijibu d5, amtoe farasi wa malkia hadi c3 na yule wa mfalme hadi f3, amtoe askofu wa c1 kabla hajaufunga mlango wake kwa kitunda cha e3, amhifadhi mfalme, na ailete ngome safu ya c. Haya yanatosha kwa miezi mingi ya mchezo. Siku atakapokaa na Weusi, akubali kula mara moja moja na akatae mara nyingine, ili aijue bei ya kila jibu kwa mkono wake. Na jioni hii, kama ubao upo nyumbani, autafute mchezo wa Pillsbury na Tarrasch wa Hastings, unaopatikana katika karibu kila mkusanyo wa michezo mikuu, aucheze hatua zote 52 akiwa upande wa Weupe, kisha augeuze ubao na kuucheza tena kutoka upande wa Tarrasch.